Chembe za kinga hupashana habari kuangamiza kuvu na bakteria

MTU akidungwa na mwiba mchafu, mahali hapo huvimba, huwa pekundu na hatimaye hutunga usaha. Sehemu kubwa ya usaha huo ni mabaki ya nutrofili, chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana na bakteria.

Nutrofili ndizo nyingi zaidi miongoni mwa chembe nyeupe. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa, na nyingi huishi saa kadhaa au siku chache tu. Humeza vimelea, huvimwagia kemikali kali, au huvinasa kwa nyuzi za DNA zilizotandazwa mithili ya wavu, mbinu iliyoelezwa na wanasayansi mnamo 2004.

Hata hivyo, askari wengi hawafui dafu iwapo hakuna wa kuwaita vitani. Chembe nyingine za kinga hutangulia kumtambua adui. Kipokezi kiitwacho Dectin-1 hutambua sukari iliyo katika ukuta wa kuvu, nacho TLR4 hutambua mafuta yaliyo katika ukuta wa baadhi ya bakteria. Kisha baadhi ya chembe za T hutoa ujumbe uitwao intalukini-17. Ujumbe huo huzifanya chembe za ngozi na za utando wa mdomo kutoa kemikali zinazovuta nutrofili, na nyingine zinazouchochea uboho kuzalisha zaidi.

Madhara huonekana ujumbe unapokatika. Watu waliozaliwa na kasoro katika intalukini-17 husumbuliwa mara kwa mara na kuvu aina ya Candida, ilhali nutrofili wanazo. Virusi vya HIV navyo huangamiza chembe za CD4, zikiwemo zinazotoa ujumbe huo. Hiyo ni sababu mojawapo ya utando mweupe mdomoni kuwa dalili kwamba kinga ya mgonjwa imedhoofika.

Kwa mgonjwa wa saratani, mambo huwa kinyume: wito upo, askari hawapo, kwani dawa nyingi za saratani hudhoofisha uboho. Ndiposa homa kwa mgonjwa huyo ni jambo la dharura, hata kama hana jeraha wala usaha. Madaktari huweza kumdunga filgrastimu, dawa inayoiga ujumbe wa mwili wenyewe ili kuuamrisha uboho utoe nutrofili upya.