Somo la Historia: Gari la Mbio la Zamani na la Siku Hizi

Natumaini kila mmoja ameketi, na kalamu yake i tayari. Katika somo letu la leo tutalinganisha magari mawili ya mbio, moja la zamani na moja la siku hizi. Yote mawili yametengenezwa na kampuni moja ya Japani, iitwayo Nissan. La zamani laitwa Datsun 240Z. La siku hizi laitwa Nissan Z. Andikeni majina hayo katika madaftari yenu.

Kwa nini tumechagua magari haya? Kwa sababu lile la kwanza lina historia hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Baadaye watu waliyaita Safari tu, na kila mtu alifahamu. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani wakati wa masika. Magari yalikwenda maelfu ya kilometa katika barabara za udongo, usiku na mchana. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7 tu. Je, mangapi hayakufika? Toeni hesabu hiyo: 93 ukitoa 7, yabaki 86. Matope na mafuriko yaliyashinda mengi.

Datsun 240Z lilitokea mwaka 1969. Lilikuwa gari la watu wawili, lenye pua ndefu na mgongo mfupi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari kwa gari hilo. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye pia alikuwa katika 240Z. Mwaka huo Mehta na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun ya namna nyingine, walimaliza wakiwa sawasawa, hata ikabidi kanuni za mashindano ziamue. Mehta akapewa ushindi.

Sasa tutazame nguvu za magari yetu mawili. Injini ya 240Z ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja. Kwa kipimo cha siku zile, ilikuwa na nguvu za farasi kama 150. Uzito wa gari ulikuwa kama kilo 1,050. Gari jipya la Nissan Z, lililoanza kuuzwa mwaka 2022, lina silinda 6 pia, lakini lina nguvu za farasi 400. Uzito wake ni kama kilo 1,600.

Gawanyeni uzito kwa nguvu. Kilo 1,050 kwa farasi 150, kila farasi abeba kilo 7. Kilo 1,600 kwa farasi 400, kila farasi abeba kilo 4. Basi gari jipya ni zito zaidi, lakini laondoka kwa kasi zaidi, maana kila farasi amepunguziwa mzigo.

Nguvu hizo zatoka wapi? Gari jipya lina mashine mbili ndogo, ziitwazo turbo, zinazosukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huweza kuungua. Na uzito je? Sehemu yake imetokana na usalama. Gari jipya lina mifuko ya hewa inayofumuka ajali inapotokea, bodi iliyoundwa ili ipokee kishindo badala ya abiria, na breki zinazozuia magurudumu yasigande na kuteleza. Gari la zamani halikuwa na vitu hivyo. Aliyelipenda kwa wepesi wake na akumbuke kwamba katika ajali mwili wake ulikuwa na kinga ndogo.

Lakini gari la zamani lilikuwa na sifa moja kubwa. Fundi aliweza kulitengeneza kwa spana, bisibisi na masikio yake. Petroli na hewa zilichanganywa ndani ya kabureta. Gari likipanda nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, injini hukohoa. Fundi aligeuza skrubu kidogo, akasikiliza, akageuza tena, mpaka mlio ukawa mzuri. Fundi asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana.

Katika gari jipya kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Yenyewe hupima hewa na kuamua kiasi cha petroli. Ikitokea hitilafu, taa huwaka mbele ya dereva. Fundi huunganisha chombo cha kusomea, na maandishi hutokea. Mathalani, P0301 maana yake ni kwamba silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Fundi asiyeweza kusoma hayo hukisia, na kukisia humgharimu mwenye gari fedha.

Ndugu zangu, hapo ndipo historia hii inapotugusa. Gari la zamani lilisema na fundi kwa mlio. Gari jipya lasema naye kwa herufi na tarakimu. Masikio mazuri yangali yanafaa, wala tusiwadharau mafundi wazee waliotufundisha. Na magari ya zamani hayajafa: tangu mwaka 2003 yana mashindano yao wenyewe hapa kwetu, nayo yahitaji mikono ya wazee hao. Lakini kijana au mzee atakaye kuishika kazi hiyo leo hana budi kuongeza kitu kimoja juu ya masikio yake, nacho ndicho mnachojifunza katika darasa hili.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Mashindano ya Safari yalianza mwaka gani?
2. Nani alishinda mwaka 1973, na kwa gari gani?
3. Kwa nini gari jipya ni zito kuliko la zamani?
4. Kabureta ilifanya kazi gani?
5. Je, wewe ungechagua gari lipi? Andika sentensi tatu, ueleze sababu.

Msomeeni mwalimu majibu yenu kwa sauti. Kwa herini, mpaka somo lijalo.