Mizani kwenye jimu: iwepo au isiwepo?

Tangu tulipozungumzia mazoezi kwenye kipindi cha afya, swali moja limerudi mara nyingi: jimu iwe na mizani ya kupimia uzito, au mizani inawakatisha watu tamaa? Hewani muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo tumeandika hapa maelezo kamili. Hata kama hujawahi kuingia jimu, soma hadi mwisho, kuna kipimo cha kamba unachoweza kufanya nyumbani.

Mjadala umetoka wapi?

Jimu za mtaani hapa Butimba na maeneo ya jirani haziko sawa. Nyingine zina mashine, nyingine zina vyuma vya kuchomelea na saruji iliyomwagwa kwenye makopo. Mizani mara nyingi huwekwa mlangoni au karibu na kaunta, mahali ambapo kila mtu anaona namba yako.

Mjadala huu hauko kwetu peke yetu. Machi 2017 Chuo Kikuu cha Carleton, mjini Ottawa nchini Kanada, kiliondoa mizani kwenye jimu yake. Waliounga mkono walisema kuhangaikia kilo kunawaumiza baadhi ya watu, hasa wenye matatizo ya ulaji. Waliopinga walisema asiyetaka kupima asipande, lakini anayehitaji asinyimwe. Baada ya malalamiko chuo kikakubali kuirudisha.

Kwa nini kilo ni jambo zito kwetu?

Huku Kanda ya Ziwa mwili una historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi baada ya hapo mtu akipungua, majirani walianza kunong'ona. Mpaka leo wapo wanaoanza mazoezi vizuri, wakipungua kilo tano wanaulizwa, "Unaumwa nini?" Wengine huacha kabisa ili wasisemwe. Upande wa pili, mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemkubali.

Lakini unene nao una madhara yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Uzito uliozidi huongeza hatari ya shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo.

Mizani inatuambia nini?

Mizani inapima kila kitu kwa pamoja: mifupa, misuli, mafuta, maji, na ugali uliokula mchana. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukinywa lita moja na kupanda mizani hapo hapo, umeongezeka kilo, lakini hujanenepa. Ukitoka jasho sana ukapungua kilo, hujapunguza mafuta, umepoteza maji. Ndiyo maana uzito wa mtu unaweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku moja.

Pia mizani haitofautishi misuli na mafuta. Anayeanza kunyanyua vyuma anaweza kukaa miezi miwili kilo zikiwa zile zile huku suruali inalegea kiunoni. Akiangalia mizani peke yake atadhani anajisumbua bure.

Wataalamu huchukua kilo na kuzigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 70 mwenye urefu wa mita 1.65 anapata 25.7. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida, 25 hadi 29.9 umezidi, na 30 kwenda juu ni unene uliokithiri. Hesabu hii ni ya watu wazima. Haitumiki kwa mjamzito, na mvuvi au mbeba mizigo mwenye misuli mingi anaweza kuonekana amezidi wakati hana mafuta mengi.

Je, mizani yenyewe ni sahihi?

Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara, kama za kupimia samaki, dagaa na pamba. Mizani ndogo ya jimu au ya kijana anayepima watu stendi, ni vizuri uijaribu mwenyewe. Sisi tulipima mtangazaji mmoja kwenye mizani tatu tofauti asubuhi moja, na majibu yakapishana kwa kilo tatu.

Ijaribu hivi: iweke kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, hakikisha inaanza sifuri. Panda, soma. Kisha panda tena ukiwa umebeba dumu la lita 20 lililojaa maji. Inatakiwa iongezeke kilo 20 na kidogo, yaani maji pamoja na dumu lenyewe. Ikionyesha 16 au 25, usiiamini. Na ukishachagua mizani, tumia hiyo hiyo, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula.

Msimamo wetu ni upi?

Tunaona jimu iwe nayo, kwa sababu moja kubwa: kupungua bila kukusudia ni dalili ya ugonjwa, na mizani inaweza kukushtua mapema. Kama unapungua wakati hujabadilisha chakula wala mazoezi, na una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au jasho jingi usiku, nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu. Matibabu yake hutolewa bure. Ukipungua huku una kiu kali na unakojoa mara kwa mara, pima kisukari.

Lakini iwekwe kwa utaratibu. Ikae pembeni au nyuma ya pazia, si mlangoni. Mwalimu asitangaze kilo za mtu wala kuzibandika ukutani. Asiyetaka kupima asilazimishwe. Na karibu yake pawepo futi ya fundi cherehani, kwa ajili ya kiuno.

Na asiye na jimu wala mizani?

Chukua kamba. Simama bila viatu, mtu akupime urefu wako kuanzia kisigino hadi utosini, kata hapo. Ikunje katikati ziwe sehemu mbili sawa. Toa pumzi kawaida, kisha zungusha nusu hiyo tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kama ncha zinakutana na nafasi inabaki, uko vizuri. Kama hazikutani, mafuta ya tumbo yamezidi, na ni vyema ukapime presha na sukari. Mwaka 2022 taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza ilipendekeza watu wazima wahakikishe kiuno hakifiki nusu ya urefu. Kamba hii inapima jambo hilo hilo. Mjamzito asiitumie.

Mazoezi nayo hayahitaji jimu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kutoa jasho kiasi. Kutembea haraka nusu saa kwa siku tano kunatosha, na kulima kunahesabika.

Jirani yako akianza kupungua baada ya miezi ya kukimbia asubuhi, usimuulize anaumwa nini. Muulize anakimbia saa ngapi, mwende wote.