Nani Mnunuzi wa Riwaya ya Kihistoria?

Tunapozungumzia soko la riwaya ya kihistoria katika Kiswahili, hatuna budi kwanza kuuliza mnunuzi wake ni nani. Jibu langu, ambalo huenda lisiwapendeze wote waliomo ukumbini humu, ni kwamba mnunuzi huyo kwa kawaida si msomaji. Ni misheni, au dola, au shule. Msomaji hukifikia kitabu baadaye, mara nyingi kwa amri ya mtaala.

Hali hiyo ina umri mrefu. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela ilitolewa London mwaka 1934 na Sheldon Press, kampuni iliyokuwa chini ya shirika la kimisheni. Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa, alisimulia habari za utumwa na za makazi ya Frere Town karibu na Mombasa. Sifa anazowamiminia Waingereza zimewakera wahakiki, na wana haki. Lakini anayemlaumu mwandishi peke yake amesahau kulitazama jina la mchapishaji.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikamilisha riwaya yake mwaka 1945, kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa chake katika Ziwa Victoria. Ndani yake mna maisha ya kabla ya ukoloni: ndoa iliyochelewa kujaliwa mtoto, mashauri ya wakwe, waganga na dawa zao, uvuvi, pombe ya ndizi, adabu za kumpokea mgeni. Mchapishaji hakupatikana. Kikerewe hakikuwa na wasomaji wa kutosha kurudisha gharama, wala hakikuwa lugha ya mitihani. Hatimaye mzee huyo aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu hicho mkononi. Miaka 35 ilikuwa imepita. Sisi wanaisimu tumezoea kuihesabu tafsiri ile kuwa faida ya Kiswahili, na ni faida kweli kweli. Hata hivyo, ni soko lililoamua Wakerewe wa kale wazungumze lugha gani kitabuni, na gharama ya uamuzi huo haijaingizwa katika hesabu zetu.

Shirika hilo hilo, lililoanzishwa mwaka 1966, ndilo lililotoa Kuli ya Adam Shafi mwaka 1979. Riwaya hiyo inahusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Siasa ya Ujamaa ilihitaji historia ya wanyonge, hivyo mnunuzi alikuwapo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1999, Vuta N'kuvute ya mwandishi huyo huyo ilitolewa na kampuni binafsi, Mkuki na Nyota, na ikaja kupata wasomaji wake wengi kwa kuingizwa katika orodha ya vitabu vya kidato cha tano na cha sita. Sidharau njia hiyo. Lakini mtihani huuliza dhamira na wahusika, na mwanafunzi asiye na fedha hununua muhtasari. Muhtasari nao huacha nje kile hasa kinachoifanya riwaya kuwa ya kihistoria: chakula, mavazi, misemo ya mitaa, namna mtu wa miaka ya hamsini alivyomwamkia jirani yake.

Na wapo waliouza historia yetu kwingineko. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, inayosimulia pwani na bara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilichapishwa Uingereza mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel.