Usiku wa Reli Ndogo

Wako watu wazima, hasa Ulaya na Marekani, wanaojenga juu ya meza reli ndogo yenye stesheni, vilima na miji, kisha wakaendesha treni zake kwa ratiba kama za kweli. Mchana wao ni rahisi. Shida ni usiku.

Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni zake huko Leipzig mwaka 1891. Zilikwenda kwa kujazwa ufunguo kama saa. Umeme ulipoingia katika reli hizo, taa nazo ziliwezekana. Lakini balbu ina joto. Ukiiweka ndani ya kijumba cha plastiki, kuta hulegea, na ikiungua paa lazima libanduliwe. Tena ni kubwa mno: katika kipimo cha 1 kwa 87, mtu wa mita 1.74 huwa na sentimita 2 tu.

Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza taa nyekundu ya LED. Ya kijani ilifuata. Basi reli ndogo ikapata ishara za kusimama na kupita, lakini madirisha yakaendelea kuzingoja taa zake, kwani mwanga mweupe ulihitaji kwanza wa bluu. Huo ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa juhudi za Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Leo huko Hamburg, katika Miniatur Wunderland iliyofunguliwa mwaka 2001, usiku huingia kila baada ya robo saa hivi, na maelfu ya madirisha huwaka.

Hata hivyo, fundi mzuri hawashi yote. Huacha mwanga hafifu wa bluu juu, kama mbalamwezi, dereva aone mahali reli zinapoachana. Huweka kitaa chenye kifuniko penye ratiba. Nyumba nyingi huziacha gizani, maana wenyewe wamelala.

Nilipokuwa chuoni niliwaambia walimu wanafunzi kwamba zana inayoonyesha kila kitu haifundishi kitu. Reli ndogo ya usiku ni ushahidi wangu. Mchana tunatazama injini na milima. Giza likiingia, linabaki dirisha moja la stesheni masta, nasi tunakumbuka kwamba abiria husinzia salama kwa sababu yuko mtu aliyekesha.