Mdudu wa jino: historia yake mpaka machimbo ya Geita



Sisi tunaotoa madera, khanga na mabaibui Unguja na kuyapeleka Kahama, Shinyanga mjini na Geita, kuna kauli tunaikuta kila tuendapo: "Jino langu lina mdudu." Utaisikia Darajani, utaisikia kwenye basi, utaisikia kwa mchimbaji aliyefunga kitambaa shavuni kwa maumivu. Mwezi huu tumeona tumuandikie historia huyo mdudu. Watu wengi wanapoteza meno, na watoto wachanga wanaumizwa vibaya, kwa kumuogopa mdudu asiyekuwepo na kumsahau aliyepo.

Mdudu wa kale

Habari ya mdudu wa jino ni ya zamani mno. Watu wa Babeli waliiandika kwenye vibao vya udongo, kwamba kuna mnyoo unaoingia kwenye jino na kulitafuna. Wahindi, Wachina na watu wa Ulaya nao waliamini hivyo. Huko Ulaya mgonjwa alikuwa akifukizwa kinywa kwa moshi wa mbegu za dawa. Mbegu zikipasuka kwa moto, kiini chake cheupe kinatoka kama kinyoo, na mganga anasema: huyo hapo, ametoka!

Mwaka 1728 tabibu wa meno wa Paris, Pierre Fauchard, alitoa kitabu kikubwa juu ya meno. Alisema wazi kwamba amewatafuta minyoo hao na hajawaona, na akawaonya watu na sukari. Lakini kabla yake alikwishatokea mtu aliyekiona kitu chengine kabisa.

Muuza vitambaa wa Delft

Hapa sisi watu wa cherehani tuna la kujivunia. Aliyekuwa wa kwanza kuviona viumbe wa kinywani hakuwa daktari wala hakusoma chuo kikuu. Alikuwa muuza vitambaa! Jina lake Antonie van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1632. Wauza vitambaa wa zama zile walitumia kioo cha kukuzia ili wahesabu nyuzi na wajue kitambaa kizuri na kibaya. Yeye akaendelea kusaga vioo vyake mwenyewe, vidogo na vikali kuliko vya wenzake.

Mwezi wa Septemba 1683 aliwaandikia barua wataalamu wa Royal Society, London. Alieleza kuwa yeye husugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi na kuyafuta kwa kitambaa, na meno yake ni masafi kuliko ya wengi wa umri wake. Hata hivyo katikati ya meno bado kulikuwa na kitu cheupe, kizito kama uji wa unga. Huo ndio ukoga. Aliuchanganya na maji safi ya mvua, akautia chini ya kioo, akaona vijidudu vingi vikienda mbio: vyengine virefu, vyengine vinazunguka kama pia. Alichukua na wa wanawake wawili, wa mtoto, na wa mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kusafisha kinywa. Wa mzee ulikuwa na umati usiosemeka.

Ila van Leeuwenhoek hakujua kwamba vijidudu hivyo ndivyo vinavyoharibu meno. Ilibidi ipite miaka 200 zaidi.

Sukari ndiyo chakula chao

Aliyeunganisha mambo ni Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin na kufuata mbinu za Robert Koch, bingwa wa vijidudu. Koch huyu si mgeni kwetu: mwaka 1906 alifika Ziwa Victoria, lile lile linalopakana na Geita, akakaa Visiwa vya Sese upande wa Uganda akichunguza malale.

Miller alichukua meno yaliyong'olewa, akayatia kwenye mate pamoja na mkate na sukari, akayaweka katika joto la mwili. Meno yakalainika. Alipotia nyama badala ya mkate, hayakuharibika vile. Mwaka 1890 kitabu chake kwa Kiingereza kikaeleza siri yenyewe: vijidudu vinakula sukari na wanga, vinatoa tindikali, na tindikali ndiyo inayoyeyusha jino. Kwa hiyo hakuna mdudu mwenye meno anayetoboa. Kuna maelfu kwa maelfu wasioonekana, na sisi wenyewe ndio tunaowapikia.

Mwaka 1924 J. Kilian Clarke akiwa London alimtambua mmoja wao katika meno yaliyotoboka, akamwita streptokokasi mutansi. Baadaye ikajulikana kwamba mtoto hazaliwi naye. Humpata kwa mate ya wanaomlea, mara nyingi mama. Ndiyo maana kinywa cha mama ni mlango wa kinywa cha mwana.

Na fizi je? Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake, Denmark, waliwaomba vijana 12 wenye fizi nzima waache kupiga mswaki. Kwa siku 10 mpaka 21 tu, wote fizi zilivimba. Waliporudia kusafisha, zikapona. Kumbe damu tunayoiona tukipiga mswaki ni ukoga unaotuambia tusugue zaidi, wala si sababu ya kuuacha mswaki.

Dhahabu ilipokuja, sukari nayo ikaja

Sasa turudi Usukumani. Chakula cha wenyeji kilikuwa ugali wa mtama na uwele, michembe, maziwa ya mgando, mboga za majani. Wataalamu waliochunguza meno ya watoto wa vijijini Tanzania katika miaka ya 1980 walikuta matundu machache, kwa sababu sukari ilikuwa haba.

Lakini machimbo yana tabia yake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 mpaka 1966. Mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, na Bulyanhulu wa Kahama ukafuata 2001. Pembeni yao wapo wachimbaji wadogo kwa maelfu, Nyarugusu, Rwamagasa na kwengineko. Pale penye pesa ya mkononi na usiku mrefu wa kazi, duka la kwanza kufunguliwa ni la soda, biskuti na vinywaji vya kuongeza nguvu. Mchimbaji anashuka shimoni na chupa, anakunywa funda moja moja mpaka alfajiri. Kila funda ni karamu mpya kwa vijidudu, na mate hayapati nafasi ya kulitengeneza jino. Kinachoumiza ni wingi wa mara, kuliko hata wingi wa sukari yenyewe.

Hapa tuseme mambo mawili ili tusichanganye. La kwanza, mkoa wa Shinyanga una maeneo ambayo maji yake yana madini ya floridi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga, yanatoka na madoa ya kahawia. Hayo si machafu wala hayana wadudu, basi tusimcheke mtu.

La pili ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, kisha wanaichoma na kuvuta moshi wake, wakati mwengine jikoni kwa mama watoto. Sumu yake ikizidi mwilini huvimbisha fizi, hujaza mate mdomoni na kulegeza meno. Mwenye dalili hizi na kazi hii asiende kununua dawa ya meno tu, aende hospitali aeleze na kazi yake. Dunia ilikubaliana kuipunguza zebaki kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unagusa hata zile ziba za meno za rangi ya fedha, maana karibu nusu yake ni zebaki.

Meno ya plastiki

Wapenzi, hili ndilo lililotufanya tukae tuandike. Kuanzia miaka ya 1980 ilienea Tanzania Bara, na nchi jirani pia, imani ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Mtoto wa miezi minne, mitano au minane anaharisha na kupata homa. Mtu anatazama fizi zake, anaona uvimbe mweupe, anasema hilo ni jino baya lenye mdudu. Kisha fizi inachanwa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, na kijino ambacho hakijaota kinachimbuliwa.

Kile cheupe ni jino la kawaida alilojaaliwa na Mola wake, halijakomaa tu. Homa na kuharisha kwa umri ule vina sababu yake: mtoto ameanza kutambaa, anatia kila kitu mdomoni, ameanza uji na maji. Vijidudu vinavyomuumiza vimo kwenye maji na mikono isiyooshwa. Na kile chuma ndicho kinachompelekea vyengine vipya: pepopunda, sumu ya damu, hata virusi vya UKIMWI. Wapo watoto waliokufa kwa kuvuja damu. Wanaopona, mara nyingi meno yao ya utu uzima yanatoka yamepinda au hayatoki kabisa. Mtoto huyo dawa yake ni maji ya chumvichumvi ya ORS na kituo cha afya, haraka.

Dawa iliyoanzia kwetu

Na tusidhani kila la maana limetoka mbali. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi aliyefundisha Dar es Salaam, aliwaza namna ya kutibu jino kijijini pasipo umeme wala mashine. Sehemu laini iliyooza huondolewa kwa vifaa vya mkono tu, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayogandana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Vijidudu vinavyobaki ndani vinakatiwa chakula, vinadhoofika. Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, iliyohusu kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo. Leo inatumika nchi nyingi, na mwanzo wake ni Tanzania. Basi jino likitoboka si lazima ling'olewe. Tuulize kwanza kama linazibika.

Mswaki wetu

Neno letu mswaki limetokana na miswaki ya Kiarabu, na mti wake unaota kwenye nchi kavu za Afrika Mashariki. Mtume wetu (s.a.w.) aliuhimiza sana, akautaja pamoja na sala, karne nyingi kabla ya kioo cha van Leeuwenhoek. Wenzetu wa Usukumani nao wana vijiti vyao vya miti. Kijiti kikitafunwa kikawa laini na kikapitishwa kila jino, nje na ndani, kinaondoa ukoga. Ukiweza, ongeza dawa ya meno yenye floridi kabla ya kulala, kwa sababu usiku mate hupungua.

Tunaporudi bara na mizigo yetu, hili nalo tulibebe kwa wateja wetu: soda inywewe pamoja na chakula na si kutwa nzima, kijiko cha mama kisilambwe kabla ya kumlisha mwana, na mtoto mwenye homa asipelekwe kwa mwenye spoku.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na vinywa vyetu, aamin.