Miembe ya Njia ya Wapagazi

Wageni wanaofika Tabora hupelekwa Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Hupiga picha kuta na mlango wa nakshi, kisha hurudi mjini. Mimi nilifanya kazi ya dawa hospitalini mpaka nikastaafu, na babu wa baba yangu alibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Nikifika Kwihara, naitazama zaidi miembe.

Mwembe asili yake ni Bara Hindi, na ulivuka bahari zamani sana. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali ulioandamana na achari ya maembe mabichi. Bara uliingia baadaye, kwa miguu ya misafara. Stanley alipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1871, aliandika kwamba Waarabu walikuwa wakipanda machungwa, ndimu, mapapai na maembe kuzunguka matembe yao. Waliopanda bustani wametajwa. Waliopita nje ya ua, kila mmoja na frasila zake mbili, yaani kama kilo 32, begani, hawakutajwa. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Wanyamwezi waliijua njia hiyo kabla yao, na waliirudia mwaka baada ya mwaka. Naamini miembe mingi ya kuelekea Ujiji ilitokana na kokwa walizotupa walipotua mizigo. Kwetu huambiwa hivi: ukikuta safu ya miembe mahali pasipo na nyumba, hapo msafara ulilala. Na chini ya kivuli hichohicho walilazwa watu waliofungwa minyororo. Siwezi kuusifu mwembe nikaliacha hilo.

Bibi yangu alikuwa akichemsha magome ya mwembe kwa mtu anayehara, na maji yake yakatumika kusukutua jino linapouma. Alichubua upande mmoja tu wa shina, kipande kisichozidi kiganja, kisha akapaka jeraha udongo ili mti usikauke. Dawa ile ilikuwa na ukakasi unaokunja ulimi. Ukakasi huo ni tanini, na ndani yake mna mengi zaidi ambayo bibi hakuwa na namna ya kuyaona.

Cuba wametengeneza dawa ya magome hayohayo, inaitwa Vimang. Mwaka 2001 watafiti wa huko walichapisha jaribio lililonishangaza nilipolisoma. Waliwapa panya wadogo wa jangwani maji ya magome ya mwembe, kisha wakaizuia kwa muda damu inayokwenda kwenye ubongo, halafu wakaiachia. Ubongo hauna akiba ya oksijeni. Mshipa ukiziba, seli za neva huanza kufa ndani ya dakika chache. Balaa la pili huja damu inaporudi, kwa sababu oksijeni inayoingia kwa ghafla huzaa chembe kali zinazounguza mafuta ya utando wa seli. Panya waliokunywa magome walipoteza seli chache kuliko wasiokunywa katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu. Magome hayo yana katekini na epikatekini, ambazo ni flavonoidi, pamoja na manjiferini, jamaa yao wa karibu. Hutoa elektroni kwa zile chembe kali na kuzituliza kabla hazijadhuru. Mwaka 2009 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba manjiferini, na flavonoidi iitwayo morini, zilizikinga seli za neva zilizokuzwa maabara.

Hao ni panya, na hizo ni seli za kwenye sahani. Hakuna kikombe cha magome kinachozibua mshipa wa mtu aliyepatwa na kiharusi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Nimepokea wagonjwa waliocheleweshwa siku kadhaa kwa sababu nyumbani ilisemwa wamerogwa, na wengine hawakuinuka tena. Nayaandika haya kwa uchungu, kwa kuwa naipenda dawa ya bibi yangu na sitaki itumike kumzuia mtu asitibiwe.

Nairudia njia ya misafara. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Kwihara na Ujiji zimo. Majengo yanafahamika. Miembe mikongwe inaendelea kuangushwa kwa mkaa, na vigogo vyake havina kumbukumbu popote. Maafisa wa misitu wanaweza kuipima mmoja mmoja na kuipa namba. Wazee wa Kwihara na Itetemia wanaweza kuonyesha upi ulikuwa kituo cha msafara na upi ulipandwa juzi tu. Waketi pamoja mwaka huu, wakati wazee hao bado wanaweza kutembea hadi kwenye miti yenyewe.