Shaba Inayojua Kusubiri

Tarehe 6 Februari 1799 gazeti la Diario de Madrid lilitangaza mauzo ya picha 80 zilizochapwa kwa mabamba ya shaba. Aliyezitaka alielekezwa aende duka moja la manukato na vileo, Calle del Desengaño namba 1, na alipe reales 320 kwa seti nzima. Mchoraji alikuwa Francisco de Goya, mtu wa miaka 52, mchoraji wa nyumba ya mfalme, kiziwi tangu maradhi yaliyompata mwaka 1792. Picha zenyewe, Los Caprichos, zilijaa mapadri walafi, mabibi harusi wanaouzwa kwa vizee, na punda aliyevaa koti la daktari anayempima mgonjwa mshipa. Seti zilizochapwa zilikuwa 300 hivi. Zilizouzwa ni 27. Muda si muda Goya akaziondoa dukani, na mwaka 1803 akamkabidhi mfalme mabamba yote pamoja na seti 240 zilizosalia, mwanawe akapewa posho kama malipo. Mahakama ya Kanisa, Inquisition, ilikuwa bado hai Hispania, na kumpa mfalme mali yenye mashaka ilikuwa njia nzuri ya kuilinda.

Nafundisha uchapaji wa picha hapa Dar es Salaam, na kila kundi jipya la wanafunzi huniuliza swali lilelile: kwa nini 80? Si angechora kumi nzuri akaziuza? Huwajibu kwa kuwapeleka kwenye bamba kwanza, maelezo baadaye.

Bamba la shaba husuguliwa mpaka ling'ae, likapakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami. Mchoraji huchora kwa sindano. Haikati shaba, anaondoa nta tu. Bamba likitiwa kwenye tindikali, palipotoka nta shaba huliwa, paliposalia nta husalimika. Mstari unaotakiwa uwe hafifu huzibwa mapema kwa vanishi. Unaotakiwa uwe mweusi huachwa ulike zaidi. Karakana yangu haikosi unyoya wa kuku, wa kupangusia mapovu yanayoota juu ya mistari, maana povu likiganda mahali tindikali haifiki na mstari hutoka na meno. Kisha wino mzito hupakwa, hufutwa kwa chachi, na mwisho kabisa kwa kiganja, hata ubaki kwenye mifuo peke yake. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu, na vyote viwili hupitishwa kati ya rola zinazobana kwelikweli. Kinachotoka ni kinyume cha ulichochora: mkono wa kulia umekuwa wa kushoto. Watu wengi wa rika langu mjini hapa walijifunza haya Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, na wengine mpaka leo hukohoa wakisikia harufu ya tindikali.

Goya aliongeza ufundi uliokuwa mpya kwa zama zake: unga wa utomvu wa msonobari hunyunyizwa juu ya bamba na kupashwa moto ushike, kisha tindikali hupenya kati ya chembe zake. Badala ya mistari unapata kivuli kizima, kijivu au cheusi tii. Usiku wote ule wa Caprichos umetoka kwenye vumbi hilo.

Sasa jambo lenyewe. Mwenye bamba anaweza kuchapa nakala 5 leo na 500 kesho. Anaweza pia asichape hata moja, akalipaka mafuta lisipate kutu, akalifunga kwenye karatasi na kuliweka sandukuni. Picha ya rangi ukutani kila mgeni ataiona. Bamba sandukuni ni kipande cha chuma. Kwa hiyo ukiwa na maneno 80 ya kusema na huna hakika kama utaachwa uyaseme, shaba ni rafiki kuliko turubai. Na ukichagua njia hiyo, mpango wa picha unageuka kuwa kila kitu, kwani siku masanduku yatakapofunguliwa hutakuwapo kueleza ipi inaanza na ipi inafuata.

Ufundi huu wa tindikali haukuanza kwa wachoraji. Ulikuwa wa mafundi wa silaha waliokuwa wakitia nakshi kwenye panga na deraya. Mwanzoni mwa karne ya 16 Daniel Hopfer wa Augsburg, fundi wa kazi hiyohiyo, aliuhamishia kwenye karatasi. Napenda kuwakumbusha vijana kwamba kazi yetu ni mtoto wa ghala la silaha, maana mifululizo mikubwa kuliko yote iliyowahi kuchapwa kwa njia hii inahusu vita.

Wa kwanza nimtajaye daima ni Jacques Callot wa Nancy, katika utawala wa Lorraine. Wengine kabla yake walikuwa wakitumia nta laini inayokwaruzika ovyo. Yeye alitumia vanishi ngumu ya watengenezaji wa zeze, na kalamu ya chuma yenye ncha iliyokatwa mshazari, hivyo akiizungusha mstari unanenepa na kukonda kama wa mchongaji wa patasi. Mwaka 1633, mwaka ambao jeshi la Louis wa 13 wa Ufaransa liliingia Nancy, Callot alitoa picha 18 za Masaibu Makubwa ya Vita. Kila moja ni ndogo, upana wa sentimita 19 hivi na kimo cha 8, na chini yake pana mistari sita ya shairi.

Ukizipanga mezani unaona hesabu yake. Ya kwanza ni jina la kazi. Kisha askari wanaandikishwa, bendera zinapepea. Kisha vita. Baada ya vita, nyumba ya mkulima inaporwa, monasteri inaporwa, kijiji kinaunguzwa, wasafiri wanavamiwa njiani. Halafu waporaji wanakamatwa na adhabu zinafuatana: kuning'inizwa kwa kamba, kunyongwa, kupigwa risasi, kuchomwa, kuvunjwa mifupa kwenye gurudumu. Baada yake askari vilema wanajikokota kwenda hospitali, wengine wanafia barabarani, na wakulima wanalipiza kisasi kwa marungu. Picha ya mwisho ni mfalme anayegawa zawadi kwa waliotenda vyema.

Picha hiyo ya mwisho ndiyo inayonisumbua. Wako wanaosema Callot alimaanisha kwamba nidhamu ikirudi mambo hutengemaa. Mimi naona ni mfanyabiashara mwerevu aliyetaka mabamba yake yachapwe Paris bila tabu, na kweli yalichapwa Paris, na Israël Henriet. Ukiondoa picha ya 18, kazi yote inabadilika maana. Hakuna mstari hata mmoja uliosogezwa, ila hukumu imegeuka.

William Hogarth wa London alisubiri kwa sababu nyingine kabisa. Picha zake sita za maisha ya msichana kahaba, za mwaka 1732, ziliigwa na wezi mara tu zilipotoka. Akalipigania suala hilo bungeni pamoja na wenzake, na mfululizo wake wa pili, picha nane za kijana mpotevu, akaufungia mpaka sheria ya kumlinda mchoraji wa mabamba ilipoanza kufanya kazi Juni 1735. Wachapaji wote wenye haki ya kazi zao wana deni kwa ubishi wa mtu huyu mfupi.

Turudi Madrid. Mwezi Mei 1808 wananchi waliwainukia askari wa Napoleon, na vita vilivyofuata vilidumu mpaka 1814. Oktoba ya mwaka uleule wa 1808 Jenerali Palafox alimwita Goya Zaragoza aje aone mji ulivyobomolewa katika mazingiwa. Akaenda. Baadaye akaanza mfululizo wa mabamba juu ya vita hivyo: matatu yana tarehe ya 1810, na kazi iliendelea karibu miaka kumi. Vifaa vilikuwa adimu. Goya alichukua mabamba mawili ya mandhari aliyokuwa ameshayachora, akayakata nusu kwa nusu, akachora vita mgongoni. Shaba nyingine aliyoipata ilikuwa mbovu, na vivuli vya utomvu vilimtoka vibaya, hivyo mara nyingi alipaka tindikali moja kwa moja kwa brashi. Nimejaribu njia hiyo, haisamehe.

Mlinganishe na Callot kwenye jambo lilelile. Callot anakuonyesha mti mmoja wenye watu wengi walioning'inia, nawe uko mbali, unawaona kama matunda, na huku na huku wanajeshi wamesimama kwa safu. Goya, katika bamba la 36, anakuweka hatua chache tu. Mtu amenyongwa, suruali imemshuka. Mbele yake askari wa Napoleon ameketi, kiwiko kimeegemea jiwe, anamtazama kwa utulivu wa mtu aliyemaliza chakula. Sijaona kitu cha kutisha kama mkao ule. Chini ya picha za Goya hakuna shairi, ni maneno machache tu. Bamba la 44, watu wakikimbia kijiji, anaandika kwamba aliyaona hayo. La 45 anaandika: na haya pia.

Mpango wake una sehemu tatu. Kuanzia bamba la 2 mpaka la 47 ni vita. Kutoka la 48 mpaka la 64 ni njaa ya Madrid ya 1811 na 1812, iliyoua watu wapatao 20,000. Kule hakuna panga wala bunduki, ni mikono iliyonyooshwa na mkokoteni wa maiti. Sehemu ya mwisho ni mafumbo makali kuhusu mapadri na watawala waliorudi na mfalme Ferdinand wa 7 mwaka 1814, waliorudisha na Inquisition. Pembeni mwa mabamba mengi kuna namba ndogo za zamani zisizolingana na namba za mwisho, ushahidi kwamba aliyapanga na kuyapangua. Akampa rafiki yake Ceán Bermúdez seti moja iliyojalidiwa, yenye namba na maneno kwa mkono wake, na jina refu linalotaja matokeo mabaya ya vita vya damu vya Hispania na Bonaparte. Kisha akayafunga mabamba. Chini ya Ferdinand nani angeyachapa?

Goya alihamia Bordeaux, akafa huko tarehe 16 Aprili 1828. Mwanawe Javier alikaa na masanduku hadi alipofariki mwaka 1854. Chuo cha Kifalme cha San Fernando kiliyanunua mabamba 80 mwaka 1862, na mwaka uliofuata kikachapa seti 500. Miaka 35 baada ya kifo chake, Hispania ikaona.

Iliona nini, lakini? Jina lilikuwa jipya: Los Desastres de la Guerra. Namba na maneno waliyachukua kutoka seti ya Ceán, na tunawashukuru kwa hilo. Uchapaji, hapana. Waliacha wino mwingi juu ya bamba kufuata mtindo wa wakati wao, hivyo anga ambazo Goya aliziacha nyeupe zikawa na ukungu. Katika nakala alizochapa mwenyewe, weupe wa karatasi ndio unaouma. Na baya zaidi liko mwishoni. Bamba la 79 ni kifo cha Ukweli, msichana aliyelazwa chini huku makasisi wakimzika. La 80 linauliza kama atafufuka. Hapo ndipo wasomaji wa 1863 walipoishia. Goya alikuwa amechora pia bamba la 81 na la 82, na katika la 82 msichana mwenye nuru amesimama pamoja na mkulima mzee, mavuno yapo miguuni. Mabamba hayo mawili yalikifikia chuo mwaka 1870. Jibu lilichelewa kuliko swali. Picha moja pungufu mwishoni ingembadilisha Callot kuwa mkali. Picha mbili pungufu zilimfanya Goya aonekane amekata tamaa kabisa.

Mwaka 1924 Otto Dix, mpiga bombomu wa jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alichapa Berlin picha 50 za Der Krieg, juzuu tano za picha kumi kumi, seti 70. Alimfuata Goya waziwazi, hata katika ukaribu wa maiti. Yeye hakusubiri, na mwaka 1933 Wanazi walipoingia madarakani wakamfukuza ualimu Dresden.

Vita vile vya Dix vilipiganwa huku pia. Kariakoo yetu, Dar es Salaam na Nairobi, imepata jina kutoka kwa kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Askari amewekewa sanamu ya shaba katikati ya Dar es Salaam tangu 1927. Juu ya jina la mpagazi watu wanauza vitenge na vipuri bila kujua. Ninyi mliojifunza kushika sindano na tindikali, mada hii ni yenu. Anzeni na orodha kabla ya picha: nani anaandikishwa, nani anabeba, nani anahesabiwa, nani hahesabiwi, na ipi itakuwa ya mwisho. Yapeni mabamba namba mapema. Na mkishamaliza, chapeni wenyewe, kwa wino wenu, msiwaachie wengine kazi hiyo.